Opera ya "Omar" na Mafunzo Yake kwa Mwalimu wa Historia

Utangulizi

Miongoni mwa mada zinazomtia mwalimu wa historia mashakani, mada ya biashara ya utumwa ni mojawapo. Si kwamba haina habari za kufundisha; habari zake ni nyingi mno. Mwalimu huchora ramani ubaoni, huonyesha njia za merikebu, kisha huandika tarakimu: Waafrika wapatao 12,500,000 walipakiwa katika merikebu za Bahari ya Atlantiki kati ya karne ya 16 na ya 19, na wapatao 10,700,000 ndio waliofika ng'ambo wakiwa hai. Wanafunzi hunakili, hukariri, na siku ya mtihani hujibu sawasawa.

Katika ukaguzi wetu wa mafunzo ya vitendo ya wanachuo, tulipata kukaa nyuma ya darasa moja la kidato cha pili wakati wa somo la namna hiyo. Dakika chache kabla ya kengele, mwanafunzi mmoja alinyanyua mkono akauliza: "Mwalimu, kati ya watu wote hao, hata mmoja hakujua kuandika?" Mwanachuo aliyekuwa akifundisha alijibu kwamba watumwa hawakuwa watu waliosoma. Kengele ikalia, na somo likaisha.

Jibu lile halikuwa kweli. Nasi tuliokuwa na daftari la ukaguzi mapajani hatukulisahihisha papo hapo, kwa kuwa hatukuwa na mfano mmoja tayari wa kuwapa wanafunzi. Makala haya ni jaribio la kulipa deni hilo. Tutaeleza habari za mtu mmoja aliyeandika, yaani Omar ibn Said. Tutaeleza jinsi watunzi wawili wa muziki wa Marekani, Rhiannon Giddens na Michael Abels, walivyoshirikiana kuyafanya maisha yake kuwa opera. Kisha tutaonyesha jinsi mwalimu awezavyo kuichukua njia yao ya kazi akaitumia darasani, hata kama shule yake haina chombo chochote cha muziki.

Omar ibn Said alikuwa nani?

Omar alizaliwa mnamo mwaka 1770 huko Futa Toro, nchi iliyo kando ya Mto Senegal katika Afrika Magharibi. Watu wake walikuwa Wafulani, na nchi yao ilikuwa na sifa ya elimu ya Kiislamu. Mwenyewe aliandika kwamba alisoma kwa muda wa miaka 25, na miongoni mwa walimu wake alikuwamo ndugu yake mwenyewe. Tumwombe msomaji asimame hapa kidogo. Mtu aliyesoma miaka 25 ni mwanachuoni. Ni mwenzetu katika kazi hii ya ualimu na usomi.

Mwaka 1807 jeshi kubwa liliivamia nchi yake, likaua watu wengi, naye akatekwa. Alitembezwa hadi pwani, akauzwa, akasafirishwa baharini kwa muda wa mwezi mmoja na nusu hivi mpaka Charleston katika South Carolina, bandari iliyopokea watumwa wengi kuliko nyingine yoyote ya Amerika Kaskazini. Alifika katika miezi ya mwisho kabla ya mlango huo kufungwa na sheria, kwa maana uingizaji wa watumwa kutoka nje ulipigwa marufuku nchini Marekani kuanzia tarehe 1 Januari 1808.

Bwana wake wa kwanza, aliyeitwa Johnson, alikuwa mtu katili, na Omar akamtoroka. Alikwenda kwa miguu mpaka Fayetteville katika North Carolina. Huko aliingia katika nyumba ya ibada ili asali, akaonekana, akakamatwa na kutiwa gerezani kwa siku 16. Wasimulizi wa zamani husema kwamba akiwa gerezani aliandika ukutani kwa mkaa, kwa herufi za Kiarabu, na watu wakawa wanakuja kumtazama. Hatimaye akawa milki ya James Owen, mtu wa ukoo mashuhuri wa jimbo hilo, ambaye ndugu yake John alikuwa gavana kuanzia mwaka 1828 hadi 1830. Omar alikaa katika nyumba ya Owen hadi kufa kwake, akiwa mzee wa miaka zaidi ya 90, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865. Utumwa ulipofutwa na katiba ya nchi hiyo mwaka 1865, yeye alikuwa amekwisha kufariki. Alikufa mtumwa.

Wala Omar hakuwa peke yake. Katika kisiwa cha Sapelo, jimbo la Georgia, mtumwa mwingine aliyeitwa Bilali Mohammed aliacha maandishi ya Kiarabu ya kurasa 13 yanayohusu sheria na ibada za Kiislamu. Kwa hiyo swali la yule mwanafunzi wa kidato cha pili lilikuwa na majibu zaidi ya moja.

Karatasi mbili

Ili kuifahamu opera ya Omar, hapana budi kwanza kuzifahamu karatasi mbili alizoziandika kwa mkono wake.

Ya kwanza ni tawasifu yake ya mwaka 1831, yenye kurasa 15, iliyoandikwa kwa Kiarabu. Ndiyo tawasifu pekee ya Kiarabu, miongoni mwa zile zinazojulikana kusalia, iliyoandikwa na mtu akiwa mtumwa nchini Marekani. Maktaba ya Bunge la Marekani iliupata mswada huo mwaka 2017, na mwaka 2019 ikauweka wazi kwa wasomaji wa dunia nzima pamoja na hati nyingine zinazohusiana nao. Katika maandishi hayo Omar aomba radhi kwamba amesahau sehemu kubwa ya lugha yake na ya Kiarabu. Awasifu Owen na jamaa zake kwa kumtendea mema. Lakini kabla ya kusema neno lolote juu ya maisha yake, aanza kwa kuandika Suratul-Mulk, sura ya 67 ya Kurani.

Mwalimu wa Kiswahili atalitambua neno hilo mara moja, kwa kuwa shina lake ndilo lililotupatia maneno milki, kumiliki na mamlaka. Sura hiyo hufundisha kwamba mamlaka yote ni ya Mungu. Baadhi ya wataalamu waliousoma mswada huo wameona kwamba uchaguzi wa sura hiyo haukuwa wa bahati tu. Mtu anayehesabiwa kuwa milki ya mtu mwingine aanza habari za maisha yake kwa kutaja ni nani hasa mwenye kumiliki. Na ayaandika hayo katika nyumba ya bwana wake, kwa herufi ambazo bwana huyo hawezi kuzisoma.

Karatasi ya pili ni fupi sana, na kwa mwalimu huenda ndiyo yenye faida kubwa zaidi. Ni kadi ya mwaka 1857. Juu ya kadi hiyo mtu mwingine ameandika kwa Kiingereza kwamba maandishi ya Kiarabu yaliyomo ni Sala ya Bwana, na kwamba mwandishi wake ni Mkristo mcha Mungu. Wajuzi wa Kiarabu walipoyasoma waliona kwamba si Sala ya Bwana hata kidogo. Ni Suratun-Nasr, sura ya 110 ya Kurani, yenye aya tatu, inayozungumzia msaada wa Mungu na ushindi.

Basi karatasi moja ina sauti mbili. Juu kuna sauti ya wale wenye uwezo wa kubandika majina. Chini kuna sauti ya mwandishi mwenyewe. Kwa miaka mingi wengi waliisoma ile ya juu pekee, kwa kuwa ndiyo waliyoweza kuisoma. Tunaamini kwamba ualimu wa historia, kwa asili yake, ni kazi ya kumfundisha mtoto asiishie kwenye maneno ya juu.

Watunzi wawili na kazi moja

Opera ni mchezo wa kuigiza ambao maneno yake, yote au karibu yote, huimbwa badala ya kusemwa, huku waimbaji wakifuatwa na okestra, yaani kundi kubwa la wapigaji vyombo. Asili yake ni Ulaya. Yahitaji maneno ya kuimbwa, muziki wa waimbaji, na muziki wa vyombo. Kwa desturi maneno huandikwa na mtu mmoja na muziki hutungwa na mwingine. Katika opera ya "Omar" mgawanyo haukuwa huo.

Rhiannon Giddens alizaliwa mwaka 1977 katika mji wa Greensboro, North Carolina. Alisomea uimbaji wa opera katika chuo cha Oberlin, kisha akajitolea kwa nyimbo za kale za watu weusi wa kusini mwa Marekani. Hupiga fidla na banjo. Banjo ni chombo cha nyuzi kilichoundwa na Waafrika waliopelekwa utumwani ng'ambo ya bahari, kwa kukumbuka vyombo vya kwao. Jambo ambalo walimu hatuna budi kulitia moyoni ni kwamba Giddens, aliyezaliwa katika jimbo lile lile ambamo Omar aliishi zaidi ya nusu karne, amesema kwamba hakuwa amepata kusikia habari za Omar kabla ya kuombwa kuitunga opera hii.

Michael Abels, aliyezaliwa mwaka 1962, ni mtunzi wa muziki wa okestra na wa filamu. Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya pekee ya kumjua, kwani katika filamu iitwayo "Get Out" ya mwaka 2017 Abels alitunga wimbo wa kwaya wenye maneno ya Kiswahili, uitwao "Sikiliza Kwa Wahenga". Katika wimbo huo sauti za wahenga zamwonya kijana mhusika juu ya hatari iliyo mbele yake, naye haelewi lugha yao. Yaani hata kabla ya kazi ya Omar, Abels alikwisha kufikiri juu ya lugha ambayo wasikilizaji walio wengi huisikia bila kuifahamu.

Opera hii iliagizwa na Spoleto Festival USA, tamasha la sanaa la mji wa Charleston, pamoja na Carolina Performing Arts, taasisi ya sanaa ya Chuo Kikuu cha North Carolina. Giddens aliandika maneno yote ya opera. Kisha akatunga nyimbo kwa njia aliyoizoea: aliimba mwenyewe, akipiga banjo au piano, akajirekodi, akampelekea Abels zile rekodi. Abels alisikiliza, akaziandika kwa noti, akaziundia sauti za kwaya na za okestra, akarefusha panapohitaji kurefushwa, akaunga wimbo na wimbo. Kisha yeye naye alimpelekea Giddens kazi yake aisikilize. Hivyo kazi ikaenda na kurudi.

Ushirikiano huu ulifaa kwa sababu kila mmoja alikijua kile ambacho mwenzake hakukijua kwa kadiri ile ile. Giddens alikuwa na mapokeo ya nyimbo yanayopitishwa kwa kinywa na sikio. Abels alikuwa na ustadi wa kuandikia wapigaji wengi kwa pamoja. Matokeo yake ni muziki ambamo sauti za Afrika Magharibi, nyimbo za kidini za watumwa, ngoma za kusini mwa Marekani na okestra ya Ulaya zasikika katika kazi moja. Wala hakuna aliyehesabiwa kuwa msaidizi wa mwenziwe: majina yote mawili yameandikwa kuwa ya watunzi wa muziki.

Opera ilikuwa ionyeshwe mwaka 2020, lakini maradhi ya korona yakaichelewesha. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 27 Mei 2022 huko huko Charleston, katika mji ambao Omar alishushwa kutoka merikebuni miaka 215 iliyotangulia. Jamez McCorkle ndiye aliyeimba nafasi ya Omar. Baadaye opera ilikwenda Los Angeles, Boston na San Francisco, na mwaka 2023 watunzi wote wawili walipewa kwa ajili yake Tuzo ya Pulitzer ya Muziki.

Kuziba mapengo bila kudanganya

Tawasifu ya kurasa 15 haitoshi kwa opera ya jioni nzima. Omar hakueleza alichokisema sokoni, wala alichokiota gerezani. Watunzi walilazimika kubuni. Hapa ndipo kazi yao inapomgusa mwalimu kwa karibu, kwa maana mwalimu naye, kila asimuliapo historia, hukutana na mapengo.

Mifano mitatu itatosha. Kwanza, wamempa Omar mama aitwaye Fatima, ambaye auawa katika uvamizi lakini roho yake yaendelea kumtokea mwanawe ugenini na kumhimiza aandike. Pili, wamembuni mwanamke mtumwa aitwaye Julie, ambaye akutana na Omar katika soko la Charleston; Julie aitambua kofia ya Omar kwa sababu baba yake mwenyewe alikuwa akivaa ya namna hiyo. Kwa njia ya kofia moja watazamaji wafahamishwa kwamba Waislamu waliofikishwa Marekani hawakuwa mmoja wala wawili. Tatu, kuna tukio ambamo Owen amwomba Omar aandike kwa Kiarabu maneno ya mwanzo ya Zaburi ya 23. Omar aandika. Owen afurahi. Lakini watazamaji waonyeshwa kwamba kilichoandikwa ni hamu ya mtu anayetaka kurudi kwao.

Msomaji ameona bila shaka kwamba tukio hili la tatu lafanana na ile kadi ya mwaka 1857. Hatusemi kwamba jambo hilo lilitendeka kama lionyeshwavyo jukwaani. Lakini limebuniwa kwa kufuata umbo la jambo la kweli: mwenye mamlaka adhani amepata neno moja, kumbe mkononi ana jingine. Ubunifu wa namna hii haudanganyi, mradi mtazamaji aweze kuonyeshwa mahali ambapo hati yaishia na mahali ambapo mtunzi ameanza.

Njia ya kufundisha darasani

Twapendekeza vipindi vinne vya dakika 40, kwa kidato cha pili au cha tatu. Vifaa vinavyohitajika ni karatasi ngumu, kalamu na kipande cha mkaa. Masomo ya historia na Kiswahili yaweza kushirikiana.

Kipindi cha kwanza: Kadi. Mwalimu achukue karatasi ngumu. Upande mmoja aandike: "Hii ni Sala ya Bwana, imeandikwa na Mkristo mcha Mungu." Upande wa pili aandike kwa herufi za Kiarabu, au amwombe anayezijua amwandikie, jina la sura tu: an-Nasr. Awaonyeshe wanafunzi upande wa kwanza pekee na kuwauliza wamejifunza nini juu ya mwandishi. Wakisha kujibu, ageuze karatasi. Mara nyingi darasani atakuwamo mwanafunzi aliyepitia chuoni kwa maalimu, ambaye ataweza kuisoma. Aachwe asome yeye. Tumeona mtoto ambaye kwa kawaida hasikiki katika somo la historia akiwa ndiye pekee mwenye ufunguo wa somo zima. Kisha mwalimu asimulie maisha ya Omar.

Kipindi cha pili: Safu mbili. Ubao ugawanywe katikati. Safu ya kwanza iitwe "Tunayoyajua", ya pili "Tunayoyakisia". Wanafunzi waseme, na kila usemi uamuliwe ni wa safu ipi. "Alisoma miaka 25" ni wa kwanza. "Alimpenda Owen" ni wa wapi? Hapa mabishano yatazuka, na mwalimu asiyazime. Omar aliandika maneno mema juu ya Owen, hilo lajulikana. Lakini je, mtu asiye huru aweza kuandika vinginevyo katika nyumba ya bwana wake? Swali hili moja ni somo kamili la uchambuzi wa hati.

Kipindi cha tatu: Wawili wawili. Kila wanafunzi wawili washirikiane kama Giddens na Abels. Wa kwanza ni mbuni: achague jambo moja kutoka safu ya kwanza, atunge ubeti mmoja wa utenzi na kuuimba kwa sauti yoyote aitakayo. Wa pili ni mpangaji: asikilize, aunakili, auongezee kiitikio, makofi au sauti ya pili. Kuna kanuni mbili. Mpangaji asibadili neno la mbuni bila kumwuliza. Na mbuni asikatae pendekezo kabla ya kulisikia likiimbwa. Kisha wabadilishane nafasi. Sisi tuliwapa wanachuo wetu mfano ufuatao tulioutunga kwa ajili ya zoezi hilo:

Kipande nikaokota
Cha mkaa, nikapata
Kuandika kwenye kuta
Nijulikane ni nani.

Waulizwe: kila kipande cha ubeti huu chatoka safu ipi? Vitatu vya kwanza vyafuata habari iliyosimuliwa. Cha nne ni cha safu ya pili, kwani ni sisi tuliomtilia Omar nia hiyo. Mwanafunzi awezaye kukitenga kipande hicho cha nne amekwisha kufahamu kazi ya mwanahistoria na kazi ya mshairi, na mpaka ulio kati yao.

Kipindi cha nne: Maonyesho. Wawili wawili wasimame, waimbe beti zao kwa utaratibu wa maisha ya Omar, tangu masomo yake hadi uzee wake. Baada ya kila ubeti darasa liseme ni kipi kinachojulikana na kipi kimekisiwa. Alama zitolewe kwa wote wawili sawasawa.

Tahadhari

Mada hii yahitaji uangalifu, na mwalimu asiyejiandaa aweza kuumiza pale alipokusudia kuelimisha.

Kwanza, wanafunzi wasiigize mnada wa watu. Kumsimamisha mtoto juu ya dawati ili wenzake wamtajie bei ni jambo lisilofaa, hata kama linaitwa maigizo. Omar afundishwe kwa kalamu yake, si kwa mnyororo wake.

Pili, aya za Kurani zisitiwe katika nyimbo za wanafunzi. Zinasomwa kwa taratibu zake, na darasa lina watoto wa dini mbalimbali ambao wazazi wao wamemwamini mwalimu.

Tatu, mjadala usigeuzwe kuwa mashindano ya dini. Omar alibatizwa mwanzoni mwa miaka ya 1820, na katika tawasifu yake aeleza jinsi alivyosali zamani na jinsi anavyosali sasa. Pia aliandika Suratul-Mulk mwaka 1831 na Suratun-Nasr mwaka 1857. Yote mawili yawekwe mbele ya wanafunzi. Mwalimu asimdai marehemu kwa niaba ya upande wowote. Waliomdai alipokuwa hai walitosha.

Nne, na hili ni letu hasa tulio Afrika ya Mashariki: utumwa haukuwa wa Atlantiki peke yake. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na huku kwetu waliomiliki watumwa wengi walikuwa Waislamu. Katika darasa moja la pwani waweza kukaa dawati moja mjukuu wa aliyeuzwa na mjukuu wa aliyenunua. Mwalimu akimfundisha Omar ili kuonyesha kwamba dini moja ilionewa na nyingine ilionea, atakuwa amebandika maneno mapya juu ya kadi ile ile. Afadhali baada ya Omar awasomee wanafunzi kitabu cha James Mbotela, "Uhuru wa Watumwa", kilichochapishwa mwaka 1934, ili waone kwamba kwa Kiswahili pia habari za waliouzwa zimepata kuandikwa na mtoto wao wenyewe.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba opera hii, ijapokuwa ni sanaa ya mbali na ya gharama kubwa, imejengwa kwa njia ya kazi isiyomshinda mwalimu yeyote: kuisoma hati kwa makini, kukiri mapengo yake, kushirikiana na mwenye ujuzi usio wako, na kutochanganya kinachojulikana na kinachokisiwa.

Yule mwanafunzi wa kidato cha pili amekwisha kumaliza shule, nasi hatukupata nafasi ya kumrudia. Lakini swali lake litaulizwa tena, katika darasa jingine, dakika chache kabla ya kengele. Mwalimu atakayeulizwa amtaje Omar ibn Said wa Futa Toro, aliyesoma miaka 25, aliyeandika kwa mkaa alipokosa wino. Kisha aigeuze kadi, amwache mtoto asome upande wa pili.